Tende za Wifi Halima

Begi nililipata kwenye mitumba. Lilikuwa la mgongoni, rangi ya majani makavu, lina zipu mpaka mahali pasipohitaji zipu. Muuzaji aliniapia kwamba ni la wazungu wanaopanda milima. Nikamwambia mume wangu hapandi mlima, anakwenda kufagia kaburi la mama yake. Akasema basi litamfaa zaidi, maana milimani siku hizi kuna watu.

Hapo alisema kweli. Mama mkwe wangu amelala kwenye mahame, kule mto Ruvuma unakokaribia kuingia baharini. Zamani palikuwa kijiji kizima, na msikiti wake na kisima chake. Watu wakahamishiwa barabarani, makaburi yakabaki na nyani. Kila Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mume wangu Kassimu na kaka yake Hamisi walikuwa wakienda kufyeka na kusoma dua. Bodaboda inakufikisha kijiji cha mwisho. Baada ya hapo ni miguu: unapita mabonde ya mpunga, unafika kwenye mahame, halafu unakata mikoko mpaka utokee Kilambo kwenye kivuko, nyumbani kwa dada yao mkubwa, wifi yangu Halima. Ukitoka asubuhi unafika kwa Halima alasiri, kama maji ya bahari hayajapanda yakakufungia njia kwenye mikoko.

Mwaka huu Hamisi hayupo. Tulimzika baada ya Idi ya kuchinja. Na Kassimu akatangaza, huku anapasua muhogo wa chai, kwamba atakwenda peke yake.

Sasa Kassimu ana sukari. Tena si ile ya kupanda tu. Akimeza vidonge vyake akachelewa kula, inashuka, na ikishuka inamwangusha. Mwaka jana ilimwangusha sokoni hapa Chuno, katikati ya mafungu ya dagaa, na waliomwona wakadhani amelewa. Kassimu, mtu asiyekosa safu ya mbele msikitini, kulewa. Nililia kwa hasira siku ile kuliko kwa hofu. Nesi Felista, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa Iringa, alinieleza kwamba sukari ikishuka mtu hubadilika tabia kabla hajaanguka. Mpole anakuwa mkali, mkimya anaanza ubishi. Nikashukuru, kwa sababu tangu nimeolewa Kassimu hajanibishia jambo lolote. Mimi ndiye mbishi wa nyumba hii, na kazi hiyo naifanya vizuri.

Binti yetu Asha alipiga simu kutoka Dodoma, akasema tumtafute kijana tumlipe amsindikize baba. Kassimu akajibu kwamba mama yake hafagiliwi na kibarua. Nikasema basi nitakwenda naye mimi. Akanitazama magoti. Magoti yangu ndiyo hayo, hata kuyakunja kwenye mkeka siwezi, naswali kwenye kiti. Nikasema basi haendi mtu.

Ndipo alipoacha muhogo, akafuta mikono.

"Mama Asha," alisema, "tangu nianguke sijavuka barabara bila mtu kunishika mkono. Niache niende huku kumoja peke yangu. Nikirudi mtanishika tena."

Hakusema kwa kulalamika. Angelalamika ningemjibu. Nikavaa baibui, nikaenda kununua begi.

Kama kuna aliyewahi kufungasha begi la mtu anayempenda na asiyejijali, atanielewa. Nilitia tochi, na betri nyingine pembeni. Nilitia kiberiti ndani ya nailoni, nikaichoma midomo kwa mshumaa isipitishe maji. Kamba ya katani. Panga fupi la kufyekea, ambalo pia litamfaa akikutana na asichokipenda. Kanga ya kujifunika mvua ikimnyeshea, maana ni masika na huko hakuna baraza la kujibanza. Filimbi, akipotea apulize. Chupa mbili za maji. Chakula cha mchana kwenye hotipoti ndogo. Na peremende, mfuko mzima, ndio ulinzi wake hasa, kwa sababu nesi alisisitiza asitoke nje ya geti bila kitu kitamu mfukoni. Simu yake ya kitochi niliichaji mpaka ikawa ya moto.

Tuligombana kwenye viatu tu. Mimi nilimnunulia gambuti jipya linalofika magotini. Yeye akasema tope la mikoko linapenda gambuti kuliko mimi, litalivua mguuni na kubaki nalo. Anataka raba zake za zamani za kufunga kamba, afunge mpaka kwenye kifundo. Nikamwita mshamba. Nesi Felista akasema kwao hakuna mikoko lakini kuna tope, na Baba Asha ana haki. Nikawaachia wote wawili.

Halafu nikaamua kumjaribu. Tuna shamba dogo la mikorosho njia ya Naliendele, si mbali. Nikamwambia abebe begi kamili, aende, akae, ale huko, arudi. Akaona ni mchezo, akakubali.

Alirudi na begi limelegea mgongoni. Nikalifungua zipu zote, na zile za bure. Tochi alimwachia fundi baiskeli anayefanyia kazi ndani ya kibanda chenye giza. Kanga alimpa mwanamke mwenye mtoto mchanga aliyekutwa na mvua. Peremende zilikwisha kwa watoto waliokuwa wanatoka chuoni wamebeba misahafu, na filimbi alipewa yule ambaye peremende hazikumfikia. Chupa za maji sikuuliza. Kilichorudi ni panga, nadhani kwa sababu hakuna aliyelisifia.

"Na chakula?" nikamuuliza.

"Nilikaa kula pembeni ya njia," alisema, "watu wakapita."

Hakuona haja ya kuendelea, na mimi ninayemjua sikuihitaji. Kwetu huwezi kutia tonge mdomoni mtu anapita usimkaribishe. Hiyo ni adabu ya kila mtu, na anayepita naye ana adabu yake, anajibu ahsante, starehe, anakwenda zake. Lakini Kassimu hakaribishi hivyo. Akisema karibu anasogea kukupisha nafasi, anakumiminia maji ya kunawa, na usipokaa anaona umekasirishwa na jambo. Begi la wazungu lilitengenezwa kwa mtu anayekwenda mahali pasipo na watu, akafungue chakula chake ale mwenyewe. Mimi mtu huyo sinaye.

Nilimkasirikia mpaka magharibi, kisha nikashindwa. Ni kwa hulka hiyohiyo nilimpenda, siwezi kujifanya sikuijua. Lakini nilibaki nikijiuliza ni kitu gani Kassimu hawezi kukigawa.

Jibu lilikuwa kabatini. Kuna redio pale, nzuri, ya jirani yetu wa zamani aliyehamia Newala akaiacha kwetu mpaka atakapoifuata. Imekaa miaka. Ya kwetu ilikufa zamani, na Kassimu anakwenda kusikiliza taarifa ya habari dirishani kwa watu. Ile ya kabatini anaifuta vumbi kila Ijumaa na hajaiwasha hata mara moja. Ni amana. Kitu chake Kassimu atakupa kabla hujamaliza kuomba, ila cha mtu mwingine kilichowekwa mikononi mwake hakigusi, hata nyumba iwake moto atakitoa hicho kwanza.

Basi nikanunua tende, zile laini zinazonata, nikazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, nikapiga fundo langu ambalo mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudisha. Nikampigia wifi Halima, nikamweleza. Halima alicheka mpaka wateja wake wa kivukoni wakauliza kuna nini. Akasema mzigo ukimfikia ataupokea kwa uso mkavu, na kwamba nisiwe na wasiwasi. "Huyo nilikukabidhi mwenyewe," alisema, "nikikuona unamfungia mzigo najua sikukosea."

Asubuhi ya safari nikampa Kassimu. Nikamwambia ni tende za wifi za kufuturia, ni amana, zimfikie mkononi. Akazipokea kwa mikono miwili. Akazitia chini kabisa ya begi, chini ya kanga mpya na tochi mpya na filimbi mpya na mfuko mpya wa peremende, vyote hivyo nikijua vina siku moja ya kuishi.

Nilijiambia atakapozidiwa atafungua. Hakuna mtu mwenye akili atakayeanguka kwa sukari kushuka amebeba tende mgongoni. Nikaridhika na ujanja wangu, nikaanika nguo, nikaimba kidogo. Nilikuwa nimesahau nimeolewa na nani.

Simu ililia nimetoka tu kuswali adhuhuri.

"Mama Asha," alisema, bila salamu. "Hizi tende, Halima ameziona?"

Nikamuuliza yuko wapi. Yuko kwenye mikoko, amekaa juu ya mizizi. Kaburi amelifagia, dua amesoma. Nikamuuliza kama amekula. Akajibu kwamba bondeni alikuta watu kwenye dungu wanalinda mpunga, wana watoto, na wakamkaribisha uji. Basi na yeye akafungua hotipoti. Nikaelewa hotipoti iliishia wapi. Peremende je? Watoto. Filimbi? Inafukuza ndege vizuri sana, alisema. Halafu akaniambia niache maswali ya kijinga, amenipigia kwa jambo la haki. Kama Halima hajaziona tende, je, zimeshakuwa mali yake au bado ni zangu?

Neno kijinga sijawahi kulisikia kinywani mwake. Na sauti ilikuwa nzito, maneno yanakanyagana.

Nikamwambia azile, sasa hivi. Akasema sina mamlaka ya kuruhusu kitu nilichokwisha kutoa. Nikamwambia ni zangu, sikuzitoa. Akasema basi asubuhi nilimdanganya, na mke anayedanganya asubuhi mchana ataaminiwa vipi. Nikamwambia Halima anajua, nilipanga naye. Akasema hiyo ni mbaya zaidi. Na alitaka moja tu, moja, mikono inamtetemeka na jasho linamwingia machoni, lakini hawezi kula futari ya dada yake kama mwizi.

Kassimu wangu alikuwa ananibishia. Nilikaa chini kwenye ndoo niliyokuwa nayo karibu. Nikamuuliza maji ya bahari yamefika wapi.

"Yako kwenye viatu vya mtu," alisema.

Vya kwake mwenyewe. Maji yalikuwa yanapanda na yeye anaona viatu vya mtu.

Nikamwita kwa jina lake, ambalo silitumii.

"Kassimu. Siku ya ndoa yetu Halima alinishika mkono mbele ya watu. Akasema, huyu mdogo wangu nimemlea tangu mama alipotuacha, leo namkabidhi kwako, ni amana. Watu wakacheka kwa sababu anayekabidhiwa kwa kawaida ni bibi harusi. Alisema hakusema?"

Nilisikia maji yanagonga mizizi.

"Alisema."

"Basi amana ni wewe. Hizo ni tende tu. Mimi ndiye niliyewekewa, na nitaulizwa. Fungua hilo fundo ule, uniletee amana yangu nyumba..."

Simu ikakatika.

Nikapiga. Yule mwanamke wa mtandao akaniambia namba haipatikani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nikapiga tena na tena. Mtandao wa kule unarukaruka, mara wa kwetu, mara wa Msumbiji, mara hakuna. Sikujua amesikia mpaka wapi. Kama alisikia "amana ni wewe" akabaki anatafuta hoja ya kunijibu, basi nimemuua kwa tende. Nikampigia Halima. Sikumaliza kueleza, alishaacha biashara yake mezani na kuwaita vijana wa mitumbwi. Alikuwa anakimbia na simu haijazimwa, nasikia kandambili zake.

Nesi Felista alirudi kutoka kazini akanikuta kwenye ndoo ileile. Hakuniuliza. Akakaa chini pembeni yangu na gwanda lake jeupe kwenye udongo wa uani, akanishika mkono. Nilimwambia kwamba ningemfungia kamba mguuni asiende. Nilimwambia kwamba nilimpa panga na kiberiti na kamba ya katani, na kumbe kilichotakiwa ni ruhusa. Nesi alisema tende zikiingia mdomoni hazichukui muda. Nikamwambia tatizo ni huko kuingia.

Nilimpenda sana mume wangu pale kwenye ndoo. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe sijamwambia na huenda nisimwambie. Nilimpenda kwa ajili ya hotipoti na redio ya kabatini, na nikaapa kwamba akirudi nitamchapa.

Halima alipopiga, sikuweza kupokea. Felista akapokea, akaweka sauti nisikie.

"Tumekutana naye anatoka mikokoni kwa miguu yake," wifi alisema, anahema. "Ana matope mpaka kwenye kofia. Ananiomba msamaha wa kula tende katikati ya njia na mimi nacheka nalia, siwezi hata kusimama."

Nikamwambia alale huko, asisogee, apewe chakula, apumzike. Halima akasema ameshakula sahani nzima ya wali mbele yake na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu. Lakini kulala amekataa. Amesema ana mzigo wa watu wa kufikisha Chuno, na dereva wa bodaboda ameshawasha. Nikauliza sauti yake ikoje. Halima akasema ya kawaida, haibishi, anasema tu anakwenda.

Aliingia jua likiwa bado lipo juu ya paa la jirani. Hakupita uani kama siku zote. Alizunguka mbele, akapiga hodi mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni, ikabidi nijivute kwenda kumfungulia. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, begi mgongoni, na mkononi kile kipande cha kanga kimefungwa kwa fundo la ajabu. Alijaribu kuiga langu na amepata nusu.

Nikalifungua. Zilikuwa ndimu za mama yake. Mndimu alioupanda kisimani kule kwenye mahame bado unazaa, hakuna mtu wa kuzichuma. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo nalo hajawahi kulikosa.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye ndoo. Nilikuwa na ya kumsema mpaka Idi. Yeye akanitangulia. Alivua kofia, akaiweka kifuani pamoja na matope yake.

"Mama Asha," alisema, "pokea amana yako."

"Vua viatu kwanza," nikamwambia.

Akajaribu kuinama, akashindwa, akashika ukuta. Raba zile alizozing'ang'ania zilikuwa zimefungwa mpaka juu ya kifundo, na tope limekaukia kwenye mafundo. Tope halikupata kitu, alikuwa na haki. Nikamwambia akae. Kisha nikashuka ngazi, nikakunja haya magoti yangu chini kabisa, na nikamfungua kamba moja moja.